Jinsi ya Kuandika Hadithi ya Mauaji Katika Kijiji cha Uskoti, Hatua kwa Hatua

Nilikaa majira matatu ya baridi katika kijiji kimoja cha Perthshire, nikihudumia wazee majumbani mwao. Kazi hiyo ilinipa vikombe vingi vya chai na masimulizi mengi zaidi: nani hasemezani na nani, ua wa nani umeingia kwa jirani, wosia wa nani uliwashangaza watoto. Niliporudi nikaanza kuandika hadithi za upelelezi zinazotokea huko. Ninazungumzia zile hadithi tulivu: mtu mmoja anakufa, damu haimwagiki mbele ya msomaji, na anayefumbua fumbo ni mwanakijiji wa kawaida.

Waandishi wenzangu huniuliza pa kuanzia. Ninaanza na swali moja, na ninalishikilia mpaka ukurasa wa mwisho: je, mauaji haya yangeweza kutokea kijiji kingine chochote duniani bila kubadilisha kitu? Kama jibu ni ndiyo, bado sijaandika Uskoti. Nimechora tu milima na sketi za wanaume.

Hatua ya 1: Jenga kijiji kabla ya kumtafuta marehemu

Chukua karatasi uchore ramani. Watu 200 wanatosha. Weka duka lenye posta ndani yake, kanisa, ukumbi wa kijiji, hoteli ndogo yenye baa, shule ya vyumba viwili, na nyumba kubwa ya mwenye ardhi iliyojitenga kidogo.

Jina la kijiji lisitoke hewani. Majina mengi ya huko yana asili ya Kigaeli: Inver ni mahali mto unapomwaga maji yake, Kil ni kanisa la zamani, Bal ni makazi, Glen ni bonde jembamba, Strath ni bonde pana. Cha kwangu katika mfano huu nitakiita Inverdarroch. Ukikiita Kil-fulani, weka magofu ya kanisa mahali fulani, maana msomaji anayejua atayatafuta.

Na kanisa lenyewe uliweke sawasawa. Kanisa la Uskoti ni la Kipresbiteri. Halina maaskofu, linaongozwa na mchungaji pamoja na wazee wa kanisa. Msomaji wa Kenya aliyelelewa PCEA, kanisa lililotokana kwa sehemu kubwa na misheni ya Waskoti hao hao, ataingia ndani ya kikao cha wazee wako na kujua mara moja kila mtu anakaa wapi. Huo ni mlango uliokwisha kufunguliwa. Upitie.

Hatua ya 2: Mpe kazi ya upelelezi mtu anayeona kila kitu bila kuuliza

Mimi huchagua mwenye duka la posta. Tumwite Morag, mjane wa miaka 60. Anajua nani anapokea barua kutoka kwa wakili, nani amehama kutoka siagi kwenda majarini, nani ameacha kununua chakula cha mbwa. Mpelelezi wa aina hii hatumii alama za vidole. Anatumia mazoea ya watu, na pale mazoea yanapovunjika ndipo anaposimama.

Hatua ya 3: Jifunze sheria ya huko

Hapa ndipo waandishi wengi huanguka, nami nilianguka. Katika hadithi yangu ya kwanza nilimleta hakimu wa kuchunguza vifo, kama ilivyo Uingereza. Msomaji mmoja aliyeishi Glasgow akaniandikia kwa upole kwamba Uskoti haina afisa huyo. Tangu siku hiyo sheria huisoma kwanza.

Uskoti ina mfumo wake wa sheria, tofauti na wa Uingereza. Kifo cha ghafla au cha kutiliwa shaka huchunguzwa chini ya mwendesha mashtaka wa serikali, ambaye watu humwita kwa kifupi Fiskali. Polisi humpelekea yeye taarifa. Tangu tarehe 1 Aprili 2013 nchi nzima ina jeshi moja la polisi, baada ya majeshi 8 ya mikoa kuunganishwa. Kwako hiyo ina maana kwamba askari wa kijijini anawajua watu wote kwa majina, lakini wapelelezi wa mauaji watatoka mbali. Theluji ikifunga barabara, Morag anapata siku mbili za peke yake. Barabara ya A939 kati ya Cockbridge na Tomintoul ina mageti yanayofungwa theluji ikizidi, na hufungwa mara nyingi, kwa hiyo huhitaji kubuni kisingizio.

Sasa lile jambo ambalo kwangu ni hazina. Sheria ya jinai ya Uskoti inadai ushahidi wa pande mbili: kwamba kosa limetendeka, na kwamba mshtakiwa ndiye aliyelitenda, kila jambo kati ya hayo lithibitishwe na vyanzo viwili visivyotegemeana. Hata uchunguzi wa maiti katika kifo cha kutiliwa shaka hufanywa na madaktari wawili. Mwandishi akipokea kanuni hiyo amepokea mifupa ya riwaya nzima. Morag anamjua muuaji katikati ya kitabu, lakini ana kidokezo kimoja tu, na nusu ya pili ya kitabu ni safari ya kukitafuta cha pili.

Kama hadithi yako ni ya zamani, unayo pia ile hukumu ya tatu, "haikuthibitishwa", iliyomwacha mshtakiwa huru na jina lake kwenye midomo ya watu. Mwaka 1857 Madeleine Smith wa Glasgow, aliyeshtakiwa kumuua mpenzi wake kwa sumu ya aseniki, alitoka mahakamani na hukumu hiyo. Bunge la Uskoti lilipitisha sheria ya kuiondoa mwaka 2025, kwa hiyo usiiweke kwenye hadithi ya sasa.

Hatua ya 4: Tafuta sababu ya kuua ndani ya sheria hiyo hiyo

Wivu na kisasi vipo kila mahali. Urithi pia upo kila mahali, lakini wa Uskoti una kona yake.

Marehemu wetu ni Mzee Fergus, mjane, tajiri, mwenye wosia usiompa mwanawe Callum hata senti. Kijiji kizima kinajua. Kwa hiyo kila mtu anasema: Callum hana cha kufaidi, mwacheni.

Lakini Uskoti mzazi hawezi kumnyima mtoto kabisa. Kama hakuna mwenzi aliye hai, watoto wana haki ya nusu ya mali inayohamishika, yaani fedha, hisa, magari, samani, hata wosia useme nini. Ardhi na nyumba hazimo. Sasa geuza parafujo kidogo: Mzee Fergus alikuwa karibu kuuza hisa zake zote ili anunue msitu ulio nyuma ya kijiji, kisha awaachie wanakijiji kwa wosia. Mkataba ulikuwa usainiwe Januari. Ukisainiwa, fedha zinageuka ardhi na fungu la Callum linayeyuka. Akifa Desemba, Callum anapata.

Wazo la kuwaachia wanakijiji msitu lina mizizi huko. Wakazi wa kisiwa cha Eigg walifanikiwa mwaka 1997 kukinunua kisiwa chao kutoka mikononi mwa wenye mashamba makubwa, na tangu mwaka 2003 kuna sheria inayozipa jumuiya nafasi ya kununua ardhi. Kwa watu hawa, msitu huo ni kilio cha vizazi. Ukiliandika hilo kwa moyo, kifo cha Fergus kitamuuma msomaji hata kama mzee mwenyewe alikuwa mkali.

Hatua ya 5: Tumia mwanga

Nakuomba ukae hapa zaidi ya pengine pote. Sisi tumezaliwa karibu na ikweta. Jua letu linatoka saa kumi na mbili na kuzama saa kumi na mbili, mwaka mzima, na saa zetu za Kiswahili zimejengwa juu ya uaminifu huo. Inverness, mwishoni mwa Desemba, jua huchomoza karibu saa tatu asubuhi na kuzama kabla ya saa kumi alasiri. Mwezi Juni huzama baada ya saa nne usiku, na anga haliwi jeusi kabisa.

Unaona nafasi iliyopo? Msomaji wa Kiswahili akisoma "saa kumi na moja jioni" anaona mwanga wa dhahabu na watoto wanarudi kutoka mpirani. Hashtuki. Basi mweke Callum aseme hivi, kwa sauti ya huzuni:

"Nilipita barabarani tarehe 30, saa kumi na moja jioni. Nilimwona baba ng'ambo ya uwanja akipasua kuni. Sikusimama. Najuta."

Msomaji anapita. Morag anapita pia, mwanzoni. Kwa kauli hiyo Fergus alikuwa hai saa kumi na moja, na kuanzia saa kumi na moja na nusu Callum alikuwa hotelini mbele ya watu, usiku ule na kesho yake yote. Mwili unapatikana umeganda kwenye banda la kuni, na baridi kali huwafanya madaktari washindwe kutaja saa ya kifo kwa uhakika. Ushuhuda wa Callum ndio unaojaza pengo hilo.

Ila saa kumi na moja ya tarehe 30 Desemba Inverdarroch ni giza totoro. Huwezi kumwona mtu ng'ambo ya uwanja.

Ili usimwibie msomaji, mwambie ukweli mapema, mara mbili, kwa njia isiyopiga kelele. Sura ya pili, Morag anawasha taa za duka wakati watoto wanatoka shule saa tisa na nusu. Sura ya nne, mzee fulani anakataa kuendesha gari kwenda kwa daktari kwa miadi ya saa kumi "kwa sababu ya usiku". Msomaji amepewa kila kitu. Akifika mwisho atarudi nyuma kuhakikisha, na ataikuta taa ya duka inawaka palepale.

Hatua ya 6: Wape wasio na hatia uongo wao

Kila mshukiwa adanganye, na kila uongo uwe na sababu yake. Mtunza bustani wa Fergus anadai usiku huo alikuwa mjini, kwenye duka kubwa, akinunua chupa ya wiski saa nne na nusu. Askari anajua papo hapo ni uongo: Uskoti maduka huuza pombe ya kuondoka nayo kuanzia saa nne asubuhi hadi saa nne usiku tu. Msomaji atamkamata mtunza bustani na kumshikilia kwa sura tatu. Kumbe alikuwa mlimani akiwinda paa wa mwenye ardhi bila ruhusa. Aibu yake iwe ya kweli, na umtendee kwa huruma.

Hatua ya 7: Chagua siku ya kuupata mwili

Mimi nimechagua Hogmanay, mkesha wa mwaka mpya. Desturi ya huko ni kwamba mtu wa kwanza kuvuka kizingiti baada ya saa sita ya usiku huleta bahati ya mwaka, na bora awe mwanamume mrefu mwenye nywele nyeusi, akiwa na kipande cha makaa, keki au biskuti, na wiski. Basi kijana mmoja anazunguka nyumba kwa nyumba, anafika kwa Fergus, hapati jibu, anaona giza, anazunguka nyuma. Makaa yanamdondoka mkononi. Ishia hapo sura. Usielezee jeraha.

Hatua ya 8: Lugha na mezani

Usiweke "shikamoo" kinywani mwa Mskoti. Heshima yao ionekane kwenye kiti kinachosogezwa karibu na moto na chai inayomiminwa kabla ya swali. Wanakijiji huitana kwa majina ya kwanza, mchungaji naye. Usiwape pia lafudhi ya bara au pwani ili kuonyesha lahaja yao; Kiswahili safi chenye sentensi fupi kinatosha, maana hawasemi sana. Na skonzi za kule si zile mikate laini ya Dar es Salaam au Nairobi. Hupasuliwa katikati, zikapakwa siagi na jamu.

Hatua ya 9: Kidokezo cha pili, na mkusanyiko

Morag amegundua suala la giza. Fiskali anamsikiliza na kumwambia: huo ni uongo wa mtu mmoja, nipe kingine. Hicho kingine kilishapita mbele ya msomaji. Jirani wa Fergus, akinywa chai, aliwahi kulalamika kwamba mzee alikuwa amezidi ubahili: "Siku ile hata taa hakuwasha, wala moshi sikuuona." Siku ile ni tarehe 30. Fergus hakuwasha taa kwa sababu jua lilipozama alikuwa tayari amekufa. Dereva wa gari la kusukuma theluji anakumbuka gari lililoegeshwa kwa Fergus saa tisa, na anakumbuka lilikuwa la rangi gani.

Kusanyeni watu kwenye ukumbi wa kijiji, viti vya kukunja, birika kubwa likichemka. Usimpe Morag hotuba ndefu. Amwombe tu Callum arudie aliyoyaona. Kisha anyanyuke, aende kwenye swichi, azime taa. Ni saa kumi na moja jioni. Madirisha ni meusi. Waache wakae gizani kwa sentensi mbili au tatu.

Hatua ya 10: Jaribu kwa msomaji mmoja

Mpe hadithi mtu ambaye hajawahi kutoka Afrika Mashariki, na penseli. Mwombe aweke alama mahali alipoanza kumshuku Callum. Alama ikiwa kabla ya sura ya sita, taa yako ya duka inawaka kwa nguvu mno, ipunguze. Asipoweka alama popote na akakasirika mwishoni, ongeza mzee mwingine anayeogopa kuendesha gari saa kumi.