Namna ya kuchunguza konferensi ya chuo cha Marekani kabla ya kijana wa Kusini kukubali ufadhili wa michezo

Kijana wa kusini mwa Tanzania aliyeng'ara UMISSETA, mashindano ya shule za sekondari, akitokea Newala, Masasi, Nachingwea au Kilwa anapopokea barua ya ufadhili wa michezo kutoka chuo kikuu cha Marekani, wazazi na walimu wake huuliza kwanza kama chuo hicho kina jina, kisha kama ada italipwa yote. Ni maswali ya haki, lakini lipo la tatu lenye uzito uleule: chuo kimo katika konferensi gani, na kitabaki humo hadi lini? Konferensi ni umoja wa vyuo vinavyoshindana vyenyewe kwa vyenyewe, vinavyouza haki za televisheni kwa pamoja na kugawana mapato, na ndiyo inayoamua kwa sehemu kubwa mwanafunzi atasafiri wapi na siku gani.

Mfano ulio wazi zaidi wa konferensi kukimbiwa na vyuo vyake ni Pac-12 ya pwani ya magharibi, yenye historia inayoanzia mwaka 1915. Mwezi Juni 2022, USC na UCLA, vyuo viwili vya Los Angeles, vilitangaza kuhamia konferensi ya Big Ten. Mwaka 2023 Oregon na Washington vikaamua kuvifuata, Colorado, Utah, Arizona na Arizona State vikachagua konferensi ya Big 12, na Stanford na California vikajiunga na konferensi ya ACC, ambayo asili yake ni pwani ya Atlantiki, upande wa pili wa nchi. Msimu wa 2024 ulipoanza, Pac-12 ilibaki na Oregon State na Washington State tu. Kilichovihamisha vyuo ni fedha za televisheni, hasa za futiboli ya Kimarekani. Mikataba ya Big Ten iliyotangazwa mwaka 2022 ilikadiriwa kufikia dola bilioni 7 kwa miaka saba. Hesabu hiyo haikupigwa kwa ajili ya mkimbiaji wala mchezaji wa wavu, ingawa safari zao nazo zilibadilika.

Anza, basi, kwa kufungua tovuti ya idara ya michezo ya chuo husika na kuandika jina la konferensi ya sasa, kisha utafute kama kuna uhamisho uliokwisha kutangazwa. Kwa kawaida tangazo hutangulia kwa mwaka mmoja au zaidi, na utekelezaji mara nyingi huanza Julai, kwa hiyo mwanafunzi anaweza kupokelewa katika konferensi moja na kumaliza masomo katika nyingine.

Hatua ninayoisisitiza kuliko zote ni kupata ratiba ya msimu uliopita ya mchezo wa mtoto wako mwenyewe, si ya timu maarufu ya chuo, na kuandika mbele ya kila mechi siku ya wiki, mji na umbali. Kutoka Los Angeles hadi Chuo Kikuu cha Rutgers, New Jersey, ambacho sasa kimo katika konferensi moja na USC na UCLA, ni karibu kilomita 4,000 kwa ndege, yaani kama mara saba ya barabara ya Mtwara hadi Dar es Salaam, tena saa zinatofautiana kwa tatu. Mzigo huo haugawanyiki sawa. Timu za wavu, soka na kikapu hucheza mechi za konferensi wiki baada ya wiki, nyingine katikati ya siku za masomo, ilhali mkimbiaji wa mbio za nyika hukutana na konferensi yake nzima hasa kwenye mashindano ya ubingwa. Kwa sababu hiyo ningemruhusu mkimbiaji kwa wepesi zaidi kuliko mchezaji wa wavu. (Netiboli, ambayo mabinti wetu wanaiweza sana, haimo katika michezo ya NCAA, chombo kinachosimamia michezo ya vyuo vya Marekani, kwa hiyo binti wa netiboli ajipime mapema katika kikapu.)

Kwa mwanafunzi wetu kuna jambo jingine ambalo Mmarekani mwenzake halimgusi. Wanamichezo wanaosafiri sana hukimbilia masomo ya mtandaoni, lakini mwenye viza ya F-1, yaani ya mwanafunzi wa kigeni, anatakiwa kusoma muda wote, yaani angalau krediti 12 (vipimo vya uzito wa masomo) kwa muhula katika shahada ya kwanza, na katika hizo huhesabiwa somo moja tu la mtandaoni, lisilozidi krediti tatu. Mwandikie kocha na ofisi ya wanafunzi wa kigeni, kila mmoja peke yake, uulize wanafunzi wa F-1 katika timu hiyo hupangiwaje masomo wakati wa msimu, kisha linganisha majibu. Kama hayafanani, subiri.

Uliza pia kama chuo kimefuta timu yoyote miaka ya karibuni. Tangu Julai 2025 vyuo vinaruhusiwa kuwalipa wanamichezo moja kwa moja, kwa ukomo wa takribani dola milioni 20.5 kwa kila chuo katika mwaka wa kwanza, na sehemu kubwa huelekea futiboli na kikapu cha wanaume. Michezo isiyoingiza fedha ndiyo hubanwa.

Mwisho, barua ya ufadhili ieleze kwa maandishi kama ni ya mwaka mmoja au ya miaka yote, na kama itaheshimiwa kocha akiondoka au chuo kikibadili konferensi. Tangu Aprili 2024 mwanafunzi mwenye maendeleo mazuri ya masomo anaweza kuhama chuo bila kukaa nje msimu mzima, lakini mwenye F-1 ni lazima kumbukumbu zake za uhamiaji zihamishwe pia, na baadhi ya krediti huenda zisipokelewe. Mazungumzo ya simu yapangwe saa mbili usiku ya Mtwara, ambayo wakati wa baridi ya Marekani ni saa sita mchana New York na saa tatu asubuhi Los Angeles, na kila lililokubaliwa liombewe barua pepe siku hiyohiyo.