Somo: mbatata za kuoka, kilo nzima kijiko kimoja cha mafuta

Asalaam alaykum jamani, leo mbatata. Si za kukaanga, na wala si zile za oveni zinazoogelea kwenye treya mpaka ukiinua kipande mafuta yanachuruzika kiganjani, halafu mtu anakwambia mie nimeacha vya kukaanga siku hizi 😂

Mbatata yenyewe haina mafuta ya kuyahisabu, gramu 100 mbichi hazifiki hata nusu gramu ya mafuta, yaani yote unayokula pale umeyatia wewe kwa mkono wako. Kijiko kimoja cha kulia ni kama gramu 14 na kalori 120 hivi, sasa anaemimina nusu kikombe ndio vijiko vinane hivyo ajijue. Na mafuta hayaiivishi mbatata, kazi yake kupaka juu tu ili ishike rangi, kinachoifanya iwe kavu nje na laini ndani ni vile ulivyoitengeneza kabla haijaingia kwenye moto.

Unahitaji mbatata kilo moja, mafuta ya alizeti kijiko kimoja cha kulia, chumvi, uzile (bizari nyembamba) wa kusaga, manjano kidogo, pilipili manga, thomu (kitunguu saumu) na ndimu. Mbatata zenye rangi ya kijani tupa, hizo hata kwa kuchemsha hazifai.

1. Menya, kata vipande vikubwa vikubwa, maana vidogo vinakunywa mafuta zaidi. Zitie kwenye maji ya baridi na chumvi ndio uweke jikoni, ukizitia kwenye maji ya moto nje zinaiva kati bado mawe. Ukiwa na magadi soda tia nusu kijiko cha chai, yanalainisha ile ngozi ya juu ivurugike vizuri.

2. Yakishachemka hisabu dakika 8 mpaka 10, kisu kiingie pembeni kati kugumu kidogo. Mwaga maji yote.

3. Hapa ndio penyewe, msiparuke. Rudisha sufuria na mbatata zake, bila maji, juu ya moto mdogo dakika moja mbili, uache wazi mvuke utoke mpaka uone zimekuwa nyeupe nyeupe kama zimepakwa chokaa. Halafu funika, shika mfuniko na sufuria, tikisa mara kadhaa zigongane. Ukifunua utaona kingo zimevurugika na zina unga unga, ule ndio utakaokauka uwe ganda la kulia kru kru, na mbatata yenye maji huwezi kuipata hivyo hata uitie mafuta lita.

4. Tia kijiko chako cha mafuta na viungo, changanya kwa mkono kila kipande kipate. Thomu mbichi usitie sasa, inaungua inakuwa chungu, itie dakika 5 za mwisho. Ndimu ukishatoa.

5. Oveni nyuzi 220 za Selsiasi, na treya iwe imo ndani tupu inapata moto. Zipange zisigusane na usifunike foili, ukifunika umezipika kwa mvuke. Dakika 20 geuza, kisha 15 mpaka 20 nyengine. Toa zikiwa rangi ya dhahabu, msingoje ziwe kahawia nzito, wanga ukiungua unazidi kutoa kitu kinaitwa akrilamaidi, si kizuri.

MASUALI YENU

Suali: Mie niko Wete, Pemba, sina oveni, nna seredani tu. Ndio nshakosa?
Jawabu: Hujakosa mwaya. Sufuria zito pana, mbatata safu moja tu, mfuniko wa bati na mkaa juu yake. Palia kama unavyopalia keki, juu mwingi chini kidogo. Usifunue funue, kila ukifunua moto wa juu umeupoteza.

Suali: Nikitumia tui badala ya mafuta si ndio asili zaidi?
Jawabu: Asili ni kweli, lakini tui zito ni mafuta vilevile, tena ya kuganda, si unaona msimu wa kipupwe chupa ya mafuta ya nazi asubuhi imeganda? Na maji yake yatazilainisha ulizokwisha kuzikausha. Tui libaki kwenye mchuzi.

Suali: Bi mkubwa ana sukari, anaweza kula?
Jawabu: Tulichopunguza hapa ni mafuta, wanga uko palepale. Vipande vichache pembeni ya samaki na mboga, na kiasi chake waulizwe wanaomtibu, si mie.

Suali: Bila mafuta kabisa je?
Jawabu: Piga ute wa yai moja mpaka upate povu, changanya na viungo, paka. Zinakauka vizuri, ila ladha si ileile na zinanata, weka karatasi ya kuokea. Mie binafsi kijiko kimoja sijinyimi.

Suali: Mwezi wa Ramadhani alasiri jikoni fujo, naweza kuchemsha asubuhi? Na tukuza yangu (umeme wa kulipia kabla) inakwenda mbio oveni ikiwaka.
Jawabu: Chemsha, kausha, tikisa, zikipoa weka kwenye friji bila kufunika, zinazidi kukauka na jioni zitashika haraka. Mafuta tia wakati wa kuoka tu. Kuhusu tukuza, oka siku unayooka na samaki au mkate, oveni iwake mara moja. Na msizitoe mapema, zikikaa mezani zikifunikwa zinalainika, saa 11 na nusu ziingize na chatne ya ukwaju iwe tayari pembeni.