Bajeti yangu inaanzia kwenye fomu

Nimeshapakua programu nyingi za bajeti kiasi kwamba nikizihesabu naona haya. Zote nilizitumia kwa bidii siku nne, tano hivi. Siku ya sita niko kwenye foleni, mfuko wa vitu mkono mmoja na simu mkono wa pili, programu inaniuliza akaunti gani, kundi gani, lebo gani, na kama ningependa kupiga picha ya risiti. Nikasema nitaandika nikifika nyumbani. Nani aliwahi kuandika akifika nyumbani?

Ninachotumia sasa ni fomu ya Google Forms inayomwaga majibu kwenye jedwali la Google Sheets. Zote ni za bure, unachohitaji ni akaunti ya Google. Kuandika matumizi ya mara moja kunanichukua muda mfupi kuliko kusubiri chenji.

Tengeneza fomu mpya yenye maswali matatu, kwa mpangilio huu: Kiasi, Kundi, Maelezo. Kundi liwe la kuchagua kwenye orodha, lisiwe la kuandika. Ukiliacha la kuandika, leo utaandika "nauli", kesho "Usafiri", keshokutwa "usafri" kwa haraka, na jedwali litahesabu makundi matatu. Maelezo yasiwe ya lazima.

Kwenye Kiasi usiniige nilivyoanza. Mwezi wa kwanza jumla yangu ilitoka ndogo hadi nikajipongeza. Kumbe mara kadhaa nilikuwa nimeandika "elfu 15" badala ya 15000, na jedwali likaona hayo ni maneno, likayaruka kimya kimya bila hata kunionya. Kwa hiyo weka sharti: fungua vitone vitatu vilivyo chini ya swali, chagua uhakiki wa jibu (Response validation), kisha useme jibu liwe namba kubwa kuliko 0. Fomu sasa itakataa maneno.

Ingia sehemu ya majibu ya fomu, bonyeza ile alama ya kijani ya kuunganisha na jedwali. Jedwali litajifungua likiwa na safu A ya tarehe na saa, B ya kiasi, C ya kundi, D ya maelezo. Karatasi hiyo, yaani kichupo kilicho chini ya jedwali, ibadilishe jina iwe Majibu, na usiandike chochote humo kwa mkono. Kila jibu jipya linaingia kwenye mstari wake, na fomula ulizopanga pembeni zinaweza kuvurugika. Hesabu zako ziweke kwenye karatasi ya pili, iite Muhtasari.

Kwenye Muhtasari, safu A orodhesha makundi kuanzia A2, herufi kwa herufi kama yalivyo kwenye fomu. Kwenye F1 andika tarehe ya kwanza ya mwezi. Halafu kwenye B2:

=SUMIFS(Majibu!B:B,Majibu!C:C,A2,Majibu!A:A,">="&$F$1,Majibu!A:A,"<"&EDATE($F$1,1))

Inasema hivi: jumlisha kiasi chote cha kundi lililoandikwa A2, kuanzia tarehe ya F1 hadi kabla ya mwezi unaofuata. Iburute chini mpaka kundi la mwisho. Ikilalamika, jaribu kubadilisha mikato iwe nukta mkato, maana mipangilio ya baadhi ya nchi inataka hivyo. Mwezi mpya ukiingia unabadilisha F1 tu. Safu C weka kiasi ulichopanga, D toa B kwenye C, basi. Ukiona D ina alama ya kutoa, umeshavuka.

Kisha fungua kiungo cha fomu kwenye kivinjari cha simu na ukiongeze kwenye skrini ya mwanzo, kikae kama programu nyingine. Usiruke hatua hii. Fomu ambayo lazima uitafute hutaijaza.

Makundi yawe machache. Mimi nina saba: kodi, chakula, usafiri, mawasiliano, familia, madeni, mengineyo. Hilo la mwisho ndilo la kuchunga. Mwezi wa pili mengineyo yalishinda usafiri. Nilipopitia safu ya maelezo nikakuta makato ya kutuma pesa, moja baada ya jingine, kila moja dogo kiasi cha kutoonekana. Haba na haba hujaza kibaba, na kibaba humwagika kwa mtindo huo huo. Nikayapa kundi lake, la nane.

Kama fomula zinakutia kichefuchefu, kuna programu za bajeti. Goodbudget inafuata mtindo wa bahasha: pesa unaigawa kabla ya kuitumia, na bahasha ikiisha imeisha. Toleo la bure lina idadi ndogo ya bahasha, ila kwa anayeanza zinatosha. GnuCash ni ya bure kabisa, ipo tangu 1998, inakaa kwenye kompyuta yako, lakini inafuata uhasibu wa pande mbili, kila kiasi kinatoka akaunti moja na kuingia nyingine. Ukiwa na biashara ndogo itakufaa. Kwa mshahara na matumizi ya nyumbani naiona nzito. YNAB inasifiwa sana, ila ya bure ni siku 34 za majaribio tu, kisha unalipia.

Na kabla ya kuhamia programu yoyote, ingiza matumizi matano, kisha tafuta namna ya kuyatoa yote kama faili la CSV, faili la maandishi tupu linalofunguka kwenye jedwali. Ukikosa njia ya kuyatoa, ifute siku hiyo hiyo. Programu ya bajeti ya Mint ilikuwa ya bure na ilipendwa na mamilioni, na Machi 2024 ikafungwa. Jedwali langu nalipakua kila mwisho wa mwezi, nalihifadhi kwenye kompyuta, kisha nabadilisha F1.