Kulala hosteli kwa kutumia mvumo wa feni au mvua

Kinachomwamsha mtu hosteli mara nyingi ni kelele inayozuka ghafla: mlango kubamizwa, kicheko koridoni, ndoo kuburutwa bafuni. Mvumo usiobadilika hupunguza tofauti kati ya ukimya na mshtuko huo. Chumba kikiwa kimya tayari, usiongeze chochote.

Feni ikiwepo inatosha. Igeuzie ukutani isikupulize. Kama haipo, pakua faili la mvua tupu, bila radi wala ndege, la saa moja au zaidi. Faili fupi huacha pengo dogo kila linapojirudia, na pengo hilo ndilo litakalokuzindua. Usisikilizie mtandaoni: bando litakata, au tangazo litalipuka saa nane usiku. Nyimbo ziache, akili hufuata maneno.

Simu iwe kwenye hali ya ndege, mita moja au mbili kutoka kichwani, kamwe si chini ya mto maana hupata joto. Anza na sauti ya chini kabisa, panda taratibu mpaka maongezi ya chumba cha pili yasikike bila kueleweka. Ishia hapo. Ukilazimika kupaza sauti kumsemesha mwenzako wa kitanda cha juu, umezidisha, na yeye pia ana haki ya kulala, mwulize kwanza.

Kama shida ni kupata usingizi tu, weka izime baada ya dakika 45. Kama unaamshwa alfajiri, iache usiku kucha, ila jaribu alamu yako mchana huku mvumo ukiendelea.