Kula Kwanza Kilichopo: Mwongozo wa Kumaliza Akiba ya Baridi Majira ya Kuchipua Yanapoanza

Baridi ikilegea, wengi huanza usafi wa nyumba kwa ndoo na matambara. Mimi huanza kwa sufuria. Stoo iliyojaa haisafishiki: unahamisha makopo kutoka rafu hii kwenda ile, unafuta vumbi, kisha unayarudisha yalipokuwa. Lakini akiba ya baridi ikiliwa kwanza, rafu hubaki wazi, na kwa wiki kadhaa hela ya chakula hupungua bila mtu yeyote nyumbani kulala na njaa.

Msimu wenyewe ndio unaolazimisha. Majira ya kuchipua huanza Machi kwa walio kaskazini mwa dunia na Septemba kwa walio kusini, na joto likishapanda, vitu vilivyotulia miezi yote ya baridi haviendelei kutulia. Viazi na vitunguu huota. Mayai ya wadudu yaliyojificha kwenye unga na nafaka huanguliwa haraka zaidi. Karanga na unga wa nafaka nzima huchacha. Isitoshe, mwanzo wa majira haya bustani nyingi huwa tupu: mboga za baridi zimekwisha na mpya hazijakomaa. Huo ndio wakati wa kuitegemea stoo.

Ukidhani nyumba yako haitupi chakula, soma hesabu ya Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa (UNEP), iliyotolewa mwaka 2024: mwaka 2022 dunia ilitupa tani bilioni 1.05 za chakula, na asilimia 60 ilitoka majumbani. Kwa wastani ni kilo 79 kwa kila mtu kwa mwaka, na hapo hazijahesabiwa za migahawa wala za madukani.

Kazi yote ni ya wiki mbili hadi tatu, kidogo kidogo.

Hatua ya 1: Toa vitu, viandike

Usijaribu kumaliza jiko zima siku moja. Siku ya kwanza stoo na makabati, siku nyingine friji, na friza mwishoni. Friza ifanyie haraka: mmoja asome, mwingine aandike, na vitu virudi ndani kabla havijaanza kuyeyuka.

Chukua karatasi moja kubwa, andika jina la kitu, kiasi na hali yake. Kiasi nashauri kihesabiwe kwa milo, si kwa gramu. "Maharage, milo miwili" inakusaidia kupanga wiki. "Maharage gramu 700" inakulazimu kupiga hesabu upya kila jioni. Vitu vya friza visivyo na jina viandike "nyama isiyojulikana" na viwekwe juu ya orodha, maana hivyo ndivyo vinavyosahaulika tena.

Wape watoto kazi ya kweli. Anayejua kusoma asome tarehe kwa sauti, mdogo apange makopo yanayofanana pamoja. Mtoto aliyeligundua kopo la mahindi nyuma ya rafu kwa mkono wake mwenyewe hulila bila kubembelezwa, na hili nimeliona mara nyingi mno kulitilia shaka.

Hatua ya 2: Chambua kinachofaa na kisichofaa

Hapa usiharakishe. Ukikosea upande mmoja unatupa chakula kizuri, ukikosea upande wa pili unaugua.

Anza na tarehe. Zipo za aina mbili. "Tumia kabla ya" huandikwa kwenye nyama, samaki na vyakula vingine vinavyoharibika upesi, nayo inahusu usalama: ikipita, usile. "Bora kabla ya" inahusu ladha na ubora tu. Mchele, tambi, dengu na vya makopo huweza kuwa vizuri muda mrefu baada ya tarehe hiyo, mradi vimehifadhiwa pakavu.

Makopo yaangalie umbo. Lililovimba, linalovuja, lenye kutu iliyokula bati, au lililobonyea kwenye mshono litupwe bila kufunguliwa wala kuonjwa. Sumu ya bakteria wanaosababisha botulizimu, ugonjwa hatari wa kupooza, haionekani na haina harufu, kwa hiyo ulimi si kipimo.

Unga unuse. Wa nafaka nzima huchacha mapema kuliko mweupe kwa sababu una kiini cha nafaka chenye mafuta. Ukitoa harufu kali kama ya rangi ya ukutani, au ukiwa mchungu ulimini, umekwisha. Ukikuta fukusi, hawana sumu. Unga uliojaa wadudu na utando mimi huutupa, lakini mchele wenye wachache unapepetwa, unachambuliwa na kuoshwa. Kilichokuwa jirani nao na bado kinaonekana safi kifunge vizuri, kikae kwenye friza yenye nyuzi −18 za Selsiasi kwa siku nne ili mayai yafe. Halafu futa pembe na nyufa za rafu, kwa sababu huko ndiko wanakorudia.

Viazi vinahitaji jicho kali zaidi. Kiazi kigumu chenye machipukizi madogo kinafaa: chimba chipukizi pamoja na kijicho chake, menya, pika. Kilicholegea na kunyauka, kilichogeuka kijani sehemu kubwa, au chenye uchungu, kitupe. Sumu yake, solanini, haiondoki kwa kuchemsha. Vitunguu maji na vitunguu saumu vilivyoota havina shida hiyo. Hata majani yao mabichi yanakatwakatwa juu ya supu.

Mayai yatumbukize kwenye bakuli la maji. Linalolala chini ni jipya, linalosimama limekaa muda, linaloelea ni la zamani sana, kwa kuwa unyevu umetoka kupitia ganda na nafasi ya hewa ndani imekua. Kipimo hiki kinaonyesha umri, hakithibitishi usalama. Kila yai livunje kwenye kikombe peke yake, ulinuse kabla ya kulichanganya na mengine.

Hamira ijaribu kwenye maji ya uvuguvugu yenye sukari kidogo: isipotoa povu ndani ya dakika 10, imekufa. Bekingi pauda itie kijiko cha chai kwenye maji ya moto. Nzuri huchemka povu papo hapo. Nyama ya friza yenye mabaka makavu ya kijivu imekaushwa na baridi tu. Kata sehemu hizo, iliyobaki ipike mchuzi. Mkate wenye ukungu utupe wote, hata kama doa ni moja, kwa kuwa nyuzi za ukungu zimeshapenya usipoona.

Nyumba yenye mjamzito, mzee, mtoto mchanga au mgonjwa iwe kali zaidi kuliko haya niliyoandika. Ukisitasita, tupa.

Hatua ya 3: Panga zamu kwa kuharibika, si kwa hamu

Ukipanga kwa hamu, vizuri vitaisha siku tatu za mwanzo na utabaki na dengu na kopo la samaki ambalo hakuna anayelitaka. Chora duara jekundu kwenye vinavyokaribia kuharibika: viporo, maziwa, mboga laini, nyama iliyokwisha kuyeyushwa. Hivyo ni vya siku tatu hizi. Viazi vilivyoota, mayai ya zamani, karanga na unga wa nafaka nzima ni vya wiki ya kwanza. Nafaka kavu, makopo na vya friza vinaweza kungoja, ila kila mlo uchukue angalau kimoja kutoka huko.

Kisha kila mtu wa nyumbani achague jioni moja. Sharti ni kuchagua vitu viwili kutoka kwenye orodha, na mpishi atafute namna ya kuviunganisha. Wakubwa nao wachague, baba asikwepe.

Hatua ya 4: Pika

Huhitaji mapishi mengi. Supu nzito, chakula cha sufuria moja, na mayai yaliyokaangwa na mboga vitameza karibu kila kilichopo kwenye orodha yako.

Supu ndiyo mama yao. Kaanga kitunguu kimoja polepole mpaka kilainike, tia viazi vitatu vilivyokatwa vipande, kisha mikono miwili ya mboga ngumu, karoti au chochote kilichoanza kunyauka. Mimina lita moja ya maji au mchuzi wa mifupa, chemsha dakika 20. Mboga laini na vitu vilivyokwisha kupikwa vitie mwishoni. Ponda nusu ya viazi kwa mwiko ili supu iwe nzito. Chumvi weka mwishoni kabisa, hasa ukitumia vya makopo, kwani vingi vina chumvi tayari.

Mchuzi wenyewe ni bure. Mifupa ya kuku na vipande safi vya karoti, vitunguu na mashina ya majani huvikusanya kwenye mfuko ndani ya friza mpaka ujae. Funika kwa maji baridi, chemsha kwa moto mdogo: saa moja kwa mboga peke yake, saa tatu kukiwa na mifupa. Kabichi na jamii yake iache nje, huleta uchungu.

Maharage ya zamani ndiyo yanayokatisha watu tamaa. Yakikaa sana hugoma kulainika, na mtu anaishia kuyatupa baada ya kuchoma gesi nusu siku. Yaloweke usiku kucha kwenye maji mengi pamoja na robo kijiko cha chai cha soda ya kuokea kwa kila nusu kilo. Asubuhi mwaga maji hayo, suuza, tia maji mapya. Yachemke kwa nguvu, yatokote kweli, kwa dakika 10 au zaidi kabla ya kupunguza moto. Maharage mekundu yana sumu ya asili ambayo moto wa chini hauiui, kwa hiyo usiyaanzishe kwenye jiko la umeme la kupikia polepole. Nyanya, ndimu na siki zingoje mpaka maharage yawe laini, maana uchachu huyafanya yazidi kugoma. Sufuria ya presha ikiwepo, itumie. Pika yote kwa mara moja, gawanya kwa milo, gandisha pamoja na kiasi cha maji yake.

Mkate uliokauka usio na ukungu saga, kausha kwenye oveni au kikaango, weka kwenye chupa. Unafaa kushikanisha kababu na kuzidisha uzito wa mchuzi.

Hatua ya 5: Kiporo kisigeuke hasara nyingine

Chakula kilichopikwa kiingie friji ndani ya saa mbili. Usikiache sufuriani kipoe chenyewe mpaka usiku. Kigawe kwenye vyombo vipana visivyo na kina ili kipoe upesi. Wali ni wa pekee. Mbegu za bakteria waitwao Bacillus cereus hustahimili kuchemshwa, na wali ukikaa kwenye joto la chumba huota na kutoa sumu isiyokufa ukipasha. Upoze ndani ya saa moja na uule kesho yake. Viporo vingine vinakaa siku tatu hadi nne. Pasha mara moja tu, mpaka kitoe mvuke hadi katikati.

Hatua ya 6: Sasa chukua ndoo

Kufikia hapa rafu zinaonekana na kazi ni nyepesi. Friza ikiwa na barafu inayokaribia sentimita moja, izime, weka bakuli la maji ya moto ndani, funga mlango, barafu italegea. Usiichokoe kwa kisu, utatoboa mirija. Osha kwa maji ya vuguvugu na soda ya kuokea kidogo. Dawa ya klorini usiichanganye kamwe na siki wala amonia, hutoa gesi za sumu.

Unapowasha tena, weka kipimajoto: friji iwe nyuzi 4, friza −18. Friji iachie nafasi hewa izunguke. Friza kinyume chake, ikijaa hutunza baridi vizuri zaidi.

Hatua ya 7: Nunua kwa mujibu wa karatasi

Karatasi ile ile ibandike mlangoni mwa friji pamoja na penseli. Kinachoisha kinakatwa na aliyekimaliza, na kinachokatwa ndicho pekee kinachoingia kwenye orodha ya sokoni. Kipya kinawekwa nyuma, cha zamani mbele, kila kimoja kikiwa na tarehe ya siku kilipofunguliwa. Unga wa nafaka nzima na karanga nunua kidogo kidogo kuanzia sasa, joto linapoongezeka, au viweke friji. Mboga mpya za msimu zikianza kufika sokoni, nunua za siku mbili tatu tu. Mafungu makubwa yasubiri mpaka milo ya friza iliyoandikwa kwenye karatasi ibaki chini ya mitano.