Jinsi ya kusoma ripoti ya mganga wa afya wa Uingereza ya mwaka 1911

Mjukuu wangu anasoma Leeds, Uingereza. Mwezi uliopita akanipigia: "Babu, wewe si ulikuwa bwana afya? Nisaidie hii." Akanirushia ripoti ya mwaka 1911 ya mganga wa afya, yaani daktari aliyesimamia afya ya mji, kutoka mji mdogo wa viwanda vya pamba. Nimekagua vyoo Muheza na Pangani miaka mingi, na bado ripoti ile ilinitoa jasho. Nawaandikia nilivyomwelekeza, baada ya mimi mwenyewe kukosea.

Usianze na jedwali la vifo. Tafuta kwanza idadi ya vizazi hai. Hesabu ya vifo vya watoto wasiofikisha mwaka hugawanywa kwa waliozaliwa hai mwaka huo, kisha unazidisha kwa 1,000. Mimi siku ya kwanza niligawanya kwa idadi ya wakazi, nikapata namba ndogo mno, nikamtangazia mjukuu kwamba mji ule ulikuwa kama peponi. Alicheka mpaka simu ikakatika. Waliozaliwa wafu usiwatafute humo, maana Uingereza ilianza kuwasajili mwaka 1927.

Halafu angalia ukubwa wa mji. Tuseme walizaliwa watoto 200 na wakafa 25: kiwango ni 125 kwa kila vizazi hai 1,000. Vifo vikiongezeka vitano tu, tayari ni 150, na mganga ataandika kurasa mbili za masikitiko, kumbe surua imepita mtaa mmoja. Kwa mji mdogo chukua miaka mitano, jumlisha vifo vyote, jumlisha vizazi vyote, ndipo ugawanye. Hakikisha pia kama vifo vya wenyeji waliofia hospitali ya mji mwingine vimerudishwa kwenye hesabu, na vya wageni vimetolewa.

Sasa twende kwenye kiini. Kwa Uingereza na Wales kwa jumla, kiwango kilikuwa 105 mwaka 1910, kikaruka hadi 130 mwaka 1911, kisha kikashuka hadi 95 mwaka 1912. Ukiona mruko wa namna hiyo, acha hesabu ya mwaka mzima, fungua robo ya Julai hadi Septemba. Kiangazi cha 1911 kilikuwa cha joto kali, na watoto walikufa kwa kuharisha.

Katika ripoti kadhaa utakuta safu ya joto la udongo, futi 4 chini ya ardhi. Nilipoiona nilidhani kurasa za bwana shamba zimechanganyika humo. Kumbe daktari Edward Ballard, huko nyuma karne ya 19, aligundua kwamba kuharisha kwa kiangazi hupanda baada ya kipimajoto cha kina hicho kufika nyuzi 56 za Fahrenheit, yaani kama 13 za Selsiasi. Udongo wenyewe hauui mtu, lakini ukishapata joto hadi kina hicho, ujue nzi wamekuwa wengi kwa wiki kadhaa. Basi chukua karatasi, andika joto la udongo safu moja na vifo vya kuharisha safu ya pili, wiki kwa wiki, uone vinavyofuatana.

Ukimaliza, nenda mwisho kabisa, kwenye taarifa ya mkaguzi. Wasomi huiruka. Mimi ndipo ninapokaa nikanywa chai. Humo kuna hesabu ya vyoo: vingapi vya maji, vingapi vya ndoo au vya shimo la majivu vinavyosubiri topasi aje kuzoa. Nzi anatoka kwenye ndoo au kwenye samadi ya farasi, anatua kwenye maziwa yaliyoachwa wazi, na maziwa yanaingia kwenye chupa yenye mpira mrefu ambao hakuna brashi inayoweza kuusafisha ndani. Mtoto aliyenyonya ziwa la mama alikuwa salama zaidi, na waganga wenyewe waliliandika hilo mara kwa mara.

Majina ya magonjwa yasome kwa shaka. Utakuta mtoto ameandikwa kafa kwa degedege, kwa udhaifu, hata kwa kuota meno. Msicheke. Sisi wenyewe tumeona watoto waking'olewa fizi kwa kisingizio cha meno ya plastiki, na shida ilikuwa kuharisha. Kwa hiyo jumlisha kuharisha na uvimbe wa utumbo na wa tumbo, maana ugonjwa uleule daktari mmoja aliuita hivi na mwenzake vile.

Mtego mwingine ni jedwali la wagonjwa walioripotiwa. Homa nyekundu na dondakoo vimejaa, surua na kifaduro havionekani. Usidhani havikuwepo. Havikuwa kwenye orodha ya sheria ya mwaka 1889 ya magonjwa ya kuripotiwa, na surua iliamriwa kuripotiwa nchi nzima mwaka 1916 tu. Vitafute kwenye jedwali la vifo. Utavikuta, tena vimebeba wadogo kabisa.

Mwisho kuna jedwali la umri, wiki kwa wiki katika mwezi wa kwanza. Wanaokufa wiki ya kwanza hawakuuawa na nzi. Hao waweke pembeni, wana habari yao ya uzazi na mkunga.

Jana mjukuu amenitumia ya mwaka 1912. Nimefungua kwanza ukurasa wa kipimajoto.