Slaidi za malaria kwa utafiti: pima bafa kabla ya kulaumu rangi

Juzi mwanafunzi wa shahada ya uzamili aliniletea slaidi zake huku machozi yakimlengalenga. Zote zilikuwa nyekundu kama tofali, vimelea havisomeki. Alikwisha kumwaga chupa nzima ya Giemsa, rangi ya kuonyesha vimelea, akidhani imeharibika. Kumbe ubovu ulikuwa kwenye bafa, yaani maji yenye chumvi ya kuchanganyia rangi.

1. Damu. Futa tone la kwanza. Kwenye slaidi moja weka mikrolita 6 za tone nene na 2 za utando mwembamba. Tandaza tone nene lifike upana wa milimita 12, kisha liweke juu ya gazeti: likiwa bado bichi, maandishi yaonekane kwa taabu.

2. Kausha kivulini, mbali na inzi. Usianike juani, joto hukaza seli nyekundu.

3. Methanoli, spiriti ya kukaza seli, ni ya utando mwembamba tu. Inamisha slaidi, kwani ikigusa tone nene, seli nyekundu hazitapasuka na hutaona kitu.

4. Bafa. Nilipokuwa mwanafunzi nilipoteza siku nzima hapa. Kwa lita 1 ya maji ya distili, pima chumvi mbili za fosfeti, gramu 0.7 za KH2PO4 na gramu 1.0 ya Na2HPO4, halafu rekebisha hadi pH (kipimo cha uchachu) 7.2. Sasa geuza kopo la Na2HPO4 usome lebo vizuri. Kipimo hiki ni cha chumvi kavu kabisa. Kama lebo inaonyesha 12H2O, zaidi ya nusu ya uzito ni maji, kwa hiyo unahitaji kama gramu 2.5. Ukipima gramu 1 tu, pH itashuka kwenye 6.8 hivi: utando huwa mwekundu, na nukta za Schüffner, vidoa ndani ya seli nyekundu vinavyosaidia kutambua kimelea aina ya Plasmodium ovale, hupotea. Ikipanda mno, kila kitu huwa bluu. Karatasi za pH siziamini kwa tofauti ndogo namna hii. Tumia mita, uirekebishe asubuhi hiyohiyo kwa bafa za 4 na 7. pH ikiwa chini, ongeza matone ya Na2HPO4 ya asilimia 2. Ikiwa juu, ya KH2PO4. Pima tena kila siku ya kazi, hata kama chupa ni ileile ya jana.

5. Rangi. Kliniki hutumia asilimia 10 kwa dakika 10, kwa kuwa mgonjwa anasubiri. Kwa utafiti nashikilia asilimia 3 kwa dakika 45: mililita 3 za Giemsa, 97 za bafa, ichanganywe siku hiyohiyo. Muda ukiisha usiimwage rangi, mimina bafa taratibu hadi utando wa rangi ulio juu uelee na kutoka.

6. Kusoma. Lenzi ya 100 na mafuta. Hesabu vimelea hadi seli nyeupe 200. Vikiwa chini ya 100, endelea hadi 500. Zidisha vimelea kwa 8000 (makadirio ya seli nyeupe katika mikrolita moja ya damu), gawanya kwa seli nyeupe ulizohesabu. Wasome wawili bila kuonana majibu. Wakitofautiana zaidi ya asilimia 25, mpe wa tatu.